Saa za Barabarani

Jumapili usiku, katikati ya Machi

Wiki hizi wazazi wengi wa Columbus, Ohio, wanaulizana jambo moja: mtoto abaki shule ya serikali iliyo mtaa wa pili, au aende shule ya chata iliyo maili tisa, ng'ambo ya mji? Upande wa Northland, kwenye Cleveland Avenue na Morse Road, ambako Wakongomani na Wabantu wa Somalia wanakutana dukani, swali hilo hujibiwa kwa sifa. Nidhamu yao nzuri, sare zao nzuri, mtoto wa fulani anasoma huko. Mimi natamani lianze kujibiwa kwa saa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Shule ya chata si ya kulipia. Ni shule ya umma inayoendeshwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba, fedha zinatoka serikalini, na haina ruhusa ya kumchuja mtoto kwa mtihani. Maombi yakizidi nafasi, majina yanachaguliwa kwa bahati nasibu, na wenye ndugu waliomo tayari wanatangulizwa. Minnesota ndiyo iliyoanza, kwa sheria ya 1991. Ohio ikafuata 1997. Kwenye karatasi za Ohio inaandikwa kama shule ya jamii, na hapo wengi hupotea wakidhani ni kitu kingine.

Sasa hesabu. Tuseme safari ya shule ya mtaani ni dakika 10 na ya chata ni dakika 40. Tofauti ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, yaani saa nzima kila siku. Kwa mwaka wa siku 170, ni saa 170. Ohio inaitaka shule ya wilaya, yaani ile ya mtaani, ifundishe angalau saa 910 kwa mwaka hadi darasa la sita. Kwa hiyo mtoto anakaa kwenye kiti cha basi muda unaokaribia moja ya tano ya masomo yake yote ya mwaka, na huo ni ule wa ziada tu. Unatoka kwenye usingizi, kwenye kitabu cha jioni, kwenye kucheza. Januari jua la Columbus linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Mtoto wa miaka sita anayesubiri basi saa kumi na mbili na dakika ishirini anasimama gizani, juu ya barafu, na mzazi mmoja lazima asimame naye.

Na basi lenyewe? Sheria ya Ohio inailazimisha wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za mtaani, kumsafirisha mwanafunzi wa chekechea hadi darasa la nane anayeishi zaidi ya maili mbili kutoka shuleni, hata kama shule ni ya chata. Lakini kuna kikomo ambacho wazazi hawaambiwi: mwendo wa basi kutoka shule ya mtaa aliyopangiwa hadi hiyo chata ukizidi dakika 30, wilaya haiwajibiki tena. Pia wilaya inaweza kutangaza kwamba kumsafirisha mtoto fulani hakuwezekani, ikampa mzazi fedha badala ya basi. Barua ya uamuzi huo inakuja kwa Kiingereza, na wengi wanaitia kwenye droo. Isome siku hiyohiyo. Una haki ya kuikataa na kuomba usuluhishi, na wakati usuluhishi unaendelea wilaya inapaswa kuendelea kumbeba mtoto. Ugomvi huu si mdogo: Septemba 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo aliipeleka wilaya ya shule ya Columbus mahakamani kwa sababu yake. Kwa hiyo ukiambiwa na karani wa chata kwamba "basi lipo", muulize ni la nani, na kama ahadi hiyo ipo kwa maandishi.

Jambo la pili kwangu ni lugha, na hapa ndipo shule mbili zinazofanana kwa nje zinapoachana. Siku ya kuandikisha utapewa fomu ya lugha ya nyumbani. Wazazi wengi wanaandika Kiingereza, kwa kuogopa mtoto asitupwe darasa la wasiojua. Hilo ni kosa linalomgharimu mtoto miaka. Andika Kiswahili, au Kibembe, au Kimaay, au Kizigua, chochote mnachoongea kweli mezani. Fomu hiyo ndiyo inayofungua msaada wa kujifunza Kiingereza, ambao ni haki yake katika shule zote mbili. Kisha atapimwa kila mwaka katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza, na atahesabiwa amemudu akipata alama za 4 au 5, kati ya 5, katika yote manne. Mtoto anayeongea Kiingereza kama maji uwanjani anaweza kuwa na 2 kwenye kuandika. Usidanganywe na mdomo wake.

Maswali ya kuuliza ofisini ni haya. Mwalimu wa Kiingereza kwa wageni yupo hapa kila siku, au anagawanywa na jengo lingine? Mtoto wangu atakaa naye dakika ngapi kwa wiki? Anaingia darasani kwake, au anamtoa nje wakati wenzake wanafanya hesabu? Shule ndogo mara nyingi ina mwalimu mmoja tu wa kazi hiyo, na akiondoka Novemba, kazi inalala. Jibu likiwa "tutaangalia", basi hakuna.

Daima mtake mkalimani, ni bure, na asiwe mtoto wako. Mkalimani wa kwenye simu akiongea Kiswahili cha Dar es Salaam na wewe ni wa Fizi au Uvira, mashariki ya Kongo, unayesema kalasi ambapo yeye anasema darasa, mwambie arudie, au omba wa Kibembe au Kinyarwanda. Kikao kikihusu ulemavu wa kujifunza, usisaini siku hiyo. Chukua nakala nyumbani. Ukishakubali kwa maandishi mtoto apimwe, shule ina siku 60 za kukamilisha vipimo, na chata haijasamehewa.

Matokeo ya kila shule yanatangazwa na jimbo kwa nyota 1 hadi 5. Wengi wanatazama nyota za ufaulu, ambazo kwa kiasi kikubwa zinaonyesha watoto walifika wakiwa na nini. Kwa mtoto mgeni tazama nyota za maendeleo: ndizo zinazoonyesha shule imewasogeza wapi.

Halafu kuna siku ya homa. Nesi anapiga simu saa nne na nusu, mama yupo kazini kwenye ghala la bidhaa huko Groveport, nje ya mji, gari ni moja na baba analo. Shule ikiwa mtaani, jirani mwenye kitambulisho ambaye jina lake liko kwenye fomu ya dharura anamfuata kwa miguu. Ikiwa maili tisa, mtoto analala kwenye kitanda cha nesi hadi jioni.

Kwa hiyo, kwa mtoto aliye chini ya darasa la nne, mimi ningeanza na shule ya mtaa, na chata ningeipa nafasi pale tu mwalimu wa lugha anapoonekana kwa macho. Akionewa kwenye shule ya mtaa nayo imeshindwa kumlinda, hesabu inageuka, na saa ile moja barabarani inaweza kuwa halali yake. Ukumbuke pia kwamba shule ya mtaa inalazimika kumpokea mkaazi wake siku yoyote ya mwaka. Nafasi ya chata ukiiachia, huenda ukarudi kwenye foleni. Na chata inaweza kufungwa: Januari 2018 moja kubwa ya mtandaoni hapa Ohio ilifunga katikati ya mwaka, na wanafunzi wapatao 12,000 wakatafuta pa kwenda.

Karatasi ni zilezile kote: uthibitisho wa umri, mkataba wa nyumba au bili, kadi ya chanjo. Chanjo zisipothibitishwa, mtoto anaweza kuzuiwa baada ya siku 14. Wengi waliotoka makambini wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Usibadilishe tarehe hiyo kwa shule pekee, ilingane na karatasi zake nyingine. Hali ya uhamiaji si sharti la kuandikishwa, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1982.

Kabla ya kusaini, chagua Jumanne moja ya Aprili, uende hiyo njia asubuhi saa ileile ya basi, na saa mkononi. Na akishaanza Agosti, andika jina lake, namba ya basi, kituo na simu yako kwenye kadi, uishone ndani ya mfuko wa begi. Wiki za kwanza njia zinabadilika na madereva wanabadilishana, na mtoto ambaye bado hajui kutaja kituo chake kwa Kiingereza atakuwa na kitu cha kumwonyesha dereva.