Wayo si picha ya mguu

Jumamosi, mvua imekatika

Kuku mmoja akikatiza uani baada ya mvua huacha nyayo za namna tatu. Penye maji mengi, tope limejifumba na kumebaki kitundu tu. Penye unyevu wa kadiri, vidole vitatu vimetoka safi pamoja na kucha, na kile kidogo cha nyuma. Palipoanza kukauka ni mikwaruzo basi. Kuku ni yule yule, mguu ule ule. Mtoto akilishika hili, nyayo za dinosaria hazitamsumbua.

Vitabu vingi vya watoto huliruka jambo hili. Huchora wayo, kando yake dinosaria mwenye meno, na mshale katikati. Rocky Hill, katika jimbo la Connecticut, Marekani, mambo si mepesi hivyo. Mwaka 1966 buldoza lililokuwa likichimba msingi wa jengo lilifunua mwamba wenye nyayo zipatazo 2,000, za miaka karibu milioni 200 iliyopita. Nyingi zilifukiwa tena zisiharibike. Kama 500 zimeachwa wazi chini ya paa la kuba. Zinaitwa Eubrontes, lakini hilo ni jina la wayo, si la mnyama. Mifupa ya mwenye nyayo haikupatikana pale. Wataalamu husema huenda alifanana na Dilophosaurus, dinosaria mla nyama, wanaishia hapo. Edward Hitchcock, mwanajiolojia aliyeandika juu ya nyayo za bonde la mto Connecticut mwaka 1836, alidhani ni za ndege wakubwa. Tukikumbuka kuwa kuku ni wa ukoo wa dinosaria, hakupotea sana.

Na wayo una jambo ambalo mfupa hauna. Mfupa unaweza kusombwa na mto hadi mbali, wayo hausombwi. Ulipo, ndipo mnyama aliposimama akiwa hai. Tena karibu hakuna michirizi ya mkia kwenye njia za dinosaria, kwa hiyo mikia ilikuwa juu, haiburuzwi kama walivyochorwa zamani.

Kuonyesha jinsi tope linavyodanganya, chukua plastisini (udongo laini wa kuchezea) ya rangi nne, kila tabaka sentimita moja, zipange kama chapati. Kandamiza kwa nguvu kitu chenye vidole vitatu kilichochongwa kwa mti, kisha kata katikati kwa uzi. Tabaka la juu lina vidole vyembamba; la tatu lina bonde pana lisilo na kucha. Mwamba ukimomonyoka mpaka tabaka la tatu, mtu atapima bonde hilo akidhani ndio mguu.

Kupima mwendo kunataka uangalifu. Kanuni zinatokana na kazi ya mtaalamu wa wanyama R. McNeill Alexander ya mwaka 1976: urefu wa wayo mara nne ni makadirio ya kimo cha nyonga. Wayo wa sentimita 30, nyonga mita 1.2. Kisha pima kutoka wayo wa kushoto hadi wa kushoto unaofuata. Ukipata mita 2, gawa kwa 1.2: ni 1.67, na chini ya 2 mnyama anatembea. Ukipata mita 3.6, jibu ni 3, huyo anakimbia. Kosa la kila darasa ni kupima kushoto hadi kulia. Mita 3.6 inageuka 1.8, na mkimbiaji anakuwa mtembezi wa jioni.

Kutoa nakala ya wayo wa kuku: zungushia kipande cha chupa ya plastiki chenye kimo cha sentimita 5. Mimina vikombe viwili vya plasta ya Paris ndani ya kikombe kimoja cha maji, si maji juu ya plasta, maana hufanya madonge. Mimina uji huo pembeni, utiririke wenyewe. Ukiumwaga kutoka juu unaua kucha. Subiri nusu saa, au saa nzima kukiwa na unyevunyevu. Ukiwahi kuinua, kidole cha katikati hubaki ardhini. Plasta hupata moto ikiganda, hivyo mtoto asizamishe mkono, na mabaki yasimwagwe kwenye sinki.

Swali ambalo watoto hawaliachi ni la kukimbizana. Kando ya mto Paluxy, Texas, mchimba visukuku Roland T. Bird alifukua njia ya dinosaria wa shingo ndefu ikifuatwa na ya mla nyama, zikipinda pamoja, naye aliona ni windo. Huenda. Waulize: nani amekanyaga juu ya nani? Hilo linajibika, maana wayo wa juu ndio wa baadaye. Baadaye kwa muda gani, tope halisemi. Uani hapa nyayo za paka zimepita juu ya za kuku kuanzia mlangoni mpaka ukutani, na kuku waliingia bandani tangu saa kumi na mbili.