Kumbukumbu ya mradi wangu: kuzoesha kiko kipya cha mzeituni mwitu

Hiki ni kiko changu cha pili cha kuvutia tumbaku. Cha kwanza nilikichonga mwezi wa nne kwa kipande cha mzeituni mwitu, ule ambao Wamasai huuita oloirien, na nikakiharibu siku ileile nilipokiwasha. Nilijaza bori, yaani kile kikombe cha kiko kinachotiwa tumbaku, mpaka mdomoni, nikakaa barazani hapa Sakina, Arusha, upepo wa alasiri ukivuma, nikavuta kwa pupa, na nilipomwaga majivu nikakuta, kando ya tundu la hewa, shimo jeusi linaloweza kumeza punje ya harage.

Kosa halikuwa la mti. Bori jipya ni mti mtupu, na kaa la tumbaku likichochewa na upepo huunguza mti huo kabla haujapata cha kuukinga. Kinga yenyewe ni ukoko, yaani tabaka la kaboni linalojijenga ndani ya bori kadiri mtu anavyovuta, na kuzoesha kiko maana yake ni kuujenga ukoko huo kidogo kidogo, kuanzia chini kwenda juu. Wachongaji wa Ulaya hutumia zaidi kisiki cha Erica arborea kutoka nchi za Mediterania, ambacho huchemshwa kwa saa nyingi ili kutoa utomvu na hustahimili moto kuliko miti mingi. Jamaa za mmea huo zinaota juu ya msitu wa Kilimanjaro, lakini huko ni hifadhini, na sitaki kueleza mbele ya askari wa wanyamapori kwamba nimebeba jembe kwa ajili ya kiko. Kipande changu kilikuwa mabaki ya fundi seremala wa Kijenge, kilichokaa juu ya kenchi kwa miaka minne, kikavu kabisa.

Safari hii niliamua kupaka bori kabla ya kuliwasha. Viwanda vingi hupaka sodiamu silikati iliyochanganywa na unga wa mkaa, ambayo ikikauka huwa ngumu kama kioo. Silikati hapa mjini inapatikana kwenye maduka ya malighafi za sabuni, na nilifika mpaka kaunta, nikarudi mikono mitupu, kwa sababu dumu halikuonyesha kilichomo zaidi ya jina, nami nisingependa kuvuta kilichotengenezwa kwa ajili ya sabuni ya mche. Vanishi haifai hata kufikiriwa ndani ya bori. Asali nimeijaribu kwenye kipande cha majaribio. Sukari yake huungua na kushika kaboni vizuri, ila huacha utamu unaokera.

Nikabaki na mkaa na mtindi. Nilipoenda kwa yeyo, mama wa Kimasai anayetuletea maziwa, nikamwamkia, na alipoitikia nikamweleza ninachotaka kufanya, akacheka mpaka akaweka dumu chini.

"Baba Neema, mkaa na maziwa ni mambo ya kibuyu. Wewe unavipeleka kwenye tumbaku?"

Alikuwa ameona jambo ambalo mimi sikuliona. Wamasai husugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha oloirien, na masizi yake husafisha kibuyu na kuyapa maziwa harufu ile ambayo mtu aliyekulia huku haisahau. Mimi nilikuwa nikifanya kazi hiyohiyo kinyumenyume, kwa mti uleule.

Nilichoma mabaki ya oloirien mpaka yakawa mkaa, nikatwanga, nikachekecha kwa kitambaa cha shashi, kisha nikachanganya na mtindi uliochujwa maji mpaka ukawa mzito kama uji wa kulisha mtoto. Protini ya maziwa ndiyo gundi. Maseremala wa zamani waliunga mbao kwa gundi ya maziwa. Nilichomeka kijiti cha mshikaki kwenye tundu la hewa ili lisizibe, nikapaka kwa kidole. Tabaka la kwanza lilikuwa nene mno, tena nilikianika kiko juani, na kufikia saa tisa lilikuwa limepasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Nikalikwangua lote. La pili nililipaka jembamba kiasi cha kuona mishipa ya mti kwa mbali, nikakiacha kabatini siku tatu.

Mavuno matano ya mwanzo ya moshi, kama naruhusiwa kuyaita hivyo, yalikuwa ya theluthi moja ya bori tu. Natumia jani la tumbaku la Namtumbo, kule Ruvuma, lililokaushwa kwa moshi wa kuni, kwa kuwa jani la Tabora lina sukari nyingi na huwaka kwa joto mkononi mwa mtu mwenye haraka kama mimi. Kipimo changu ni shavu: nikigusisha bori shavuni na kushindwa kuliacha hapo, nakiweka kiko chini kizimike. Kila baada ya kuvuta nakipumzisha siku nzima ili unyevu utoke. Mara ya kwanza kulikuwa na uchachu hafifu. Mara ya tatu ulikuwa umekwisha.

Baada ya mara kumi na mbili nilipanda hadi nusu ya bori, na sasa, mara ya ishirini na nne, nimefika theluthi mbili. Ukucha ukipita kwenye ukuta hausikii tena mti, unasikia kitu kikavu kinachokwaruza kama chini ya sufuria ya wali. Ninataka ukoko ufikie milimita moja na usizidi sana hapo, kwa maana ukoko mnene hutanuka kuliko mti na unaweza kupasua bori. Sehemu inayonitia wasiwasi ni kitako cha bori, ambako unyevu hukusanyika, tumbaku huzimika kabla ya kuisha na rangi bado ni ya kahawia. Nitarudi kwenye theluthi moja kwa wiki mbili na kuvuta mpaka jani la mwisho liwe jivu.

Kiko cha kwanza sijakitupa. Jana nilikoroga majivu na maji kidogo, nikaziba lile shimo, na sasa kiko juu ya rafu ya jikoni kikisubiri kukauka.