Tugeuze matokeo ya Kundi A, G1 Climax 2018

Kabla ya kugeuza matokeo ya G1 Climax, mashindano ya mieleka ya kulipwa ya Japani, yaani kuwazia aliyeshindwa ndiye ameshinda, anza na hesabu. Kundi A la 2018 lilikuwa na wanamieleka 10, kila mmoja mapambano 9. Ushindi ni pointi 2, sare 1, na dakika 30 zikiisha ni sare. Mapambano yote ni 45, kwa hiyo pointi za kundi lazima zifike 90. Ukipata 92, umempa mtu ushindi ukasahau kumnyang'anya mwenzake.

Msimamo halisi: Hiroshi Tanahashi 15, Kazuchika Okada 13, Jay White 12, Suzuki na Evil 10, na watano waliobaki 6 kila mmoja.

Ukigeuza yote, kila mtu anapata 18 kutoa pointi zake, na sare inabaki sare. Tanahashi anashuka hadi 3, huku wale watano wa mkiani wakirundikana kileleni na 12. Haina ladha kabisa. Utamu uko kwenye kugeuza pambano moja tu.

Okada alianza kwa kupoteza mawili, kwa White kisha kwa Bad Luck Fale. Mpe hilo la Fale. Sasa Fale ana 4, Okada 15, sawa na Tanahashi. Wanaolingana hutenganishwa kwa kuangalia nani alimshinda nani, na hawa wawili walitoka sare katika ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 10 Agosti, usiku wa mwisho wa kundi. Kanuni imekwama! Pambano la ziada utaliweka wapi? Tarehe 11 ni usiku wa Kundi B, tarehe 12 ni fainali ya washindi wa makundi hayo mawili.

Tena hiyo sare yenyewe haisimami. Usiku ule Tanahashi aliingia na 14 dhidi ya 12 za Okada, sare ikamtosha. Okada ndiye aliyekuwa anakimbizana na saa. Wakiingia 14 kwa 14, sare haimbebi yeyote, kwa hiyo dakika tano za mwisho lazima uziandike upya.

Jaribu pia kumpa Tanahashi lile alilopoteza kwa White. Anaingia Budokan na 16, Okada hamfikii tena, na pambano zuri kuliko yote ya kundi linakufa. White naye anakosa sababu ya kumdai Tanahashi nafasi ya kugombea ubingwa Tokyo Dome, aliyoipata kwa kushinda G1, pale ukumbi wa Ryogoku tarehe 8 Oktoba. Mbadala wake humpati kirahisi, maana katika kundi lote hakuna mwingine aliyemshinda Tanahashi.