Posta, nyama na taa za barabarani: ninavyofundisha watoto wadogo kupanda farasi

Nafundisha watoto wa miaka mitano hadi minane kupanda farasi hapa Karen, Nairobi. Wanakuja Jumamosi asubuhi, sita kwa kundi, na wengi hawajawahi kugusa mnyama mkubwa kuliko mbuzi. Kinachowashika saa nzima bila kuchoka ni michezo. Lakini kila mchezo nauuliza swali moja kabla ya kuuingiza uwanjani: mwili wa mtoto utajifunza nini hapa?

Farasi hupenda kuwa kundini. Ukiwapanga sita kwa mstari, wa nyuma atamfuata wa mbele hata kama aliye mgongoni anasinzia. Mtoto anazunguka uwanja mzima akiwa abiria tu. Ndiyo sababu mchezo ninaoutegemea kuliko yote ni wa posta.

Naweka mapipa ya plastiki kwenye pembe za uwanja, kila moja na jina la mji na picha yake kwa wasiojua kusoma: Mombasa samaki, Kericho jani la chai, Nakuru heroe, Naivasha ua la waridi. Mimi nasimama katikati na mfuko wa barua. Mtoto anapokea barua yake, anaangalia mji wake uko wapi, kisha anaondoka peke yake huku wenzake wakielekea kwingine. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu farasi hataki kuachana na wenzake. Inabidi mtoto atazame anakokwenda, asogeze mkono wenye hatamu nje upande huo na abane kidogo kwa mguu. Saisi, yaani mtunza farasi, anatembea ubavuni, kamba ya kumwongozea farasi ikiwa imelegea, na haingilii mpaka farasi akwame kabisa. Barua iko mkono mmoja, hatamu mkono mwingine, kwa hiyo mtoto hana nafasi ya kuning'inia kwenye hatamu ili asianguke. Anakaa wima bila kuambiwa. Mtoto mwoga nampa mji wa karibu kwanza, halafu nausogeza mbali taratibu.

Wa pili ni ule wa "nyama, nyama, nyama" tunaoujua sote. Farasi wamesimama, kila mmoja ameshikwa na saisi wake. Nikisema nyama ya ng'ombe, mikono juu! Nikisema nyama ya fisi, mikono inabaki kiunoni. Kisha naongeza: gusa masikio ya farasi, gusa kidole cha mguu, gusa mkia. Watoto wanacheka mpaka wanasahau hofu, na kiuno kinajifunza kukaa katikati ya tandiko. Wakishazoea, tunazunguka dunia: miguu inatoka kwenye vikuku, yaani vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, mtoto anageuka juu ya tandiko hadi atazame mkiani, kisha anaendelea mpaka arudi mbele. Huu sikubali uchezwe bila mtu mzima kila upande.

Taa za barabarani zinafundisha kusimama. Nyekundu, simama, kijani, tembea. Mshindi kwangu ni aliyesimamisha farasi kwa kukaa imara, kutoa pumzi na kufunga vidole kwenye hatamu. Anayevuta hatamu kwa nguvu anarudi hatua tano nyuma. Kinywa cha farasi kinaumia, na hilo nataka walijue mapema.

Sheria zangu ni chache na hazijadiliwi. Kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, na kiatu chenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku. Kati ya farasi na farasi, mtoto aweze kuona visigino vya farasi aliye mbele akitazama katikati ya masikio ya farasi wake. Akivikosa, amesogea mno na anaweza kupigwa teke. Hakuna kupita nyuma ya farasi, maana hakuoni. Na farasi gani acheze na nani, nawasikiliza masaisi, kwa sababu wao ndio wanaojua nani ameamka vibaya.

Wazazi huniuliza kwa nini hakuna mbio. Wengine wameona michezo ya timu ya Pony Club, chama cha watoto wapanda farasi, ile ya kupita kati ya nguzo na kunyakua bendera kwa kasi. Ni michezo mizuri kweli. Mashindano yake yalianza Uingereza mwaka 1957 kwa wazo la Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, aliyetaka watoto wasio na farasi wa bei kubwa nao wapate pa kushindana. Lakini wale ni watoto waliokwisha kujua kusimama na kugeuka. Kwa wadogo wangu, kasi inamnyang'anya mtoto mikono yake: anaogopa, anakamata hatamu, farasi anachanganyikiwa.

Troti, yaani mchakamchaka wa farasi, naiingiza kupitia posta hiyohiyo. Mtoto akiweza kufikisha barua miji yote bila saisi kugusa kamba, namwambia barua ya Nakuru ni ya haraka. Anashika mkanda wa shingoni mwa farasi kwa mkono mmoja, saisi anakimbia naye, na kati ya mapipa mawili tu farasi anakwenda mchakamchaka. Halafu anarudi kutembea, apumue, apeleke nyingine.