Kutanguliza mapenzi ya Mungu: naanza kwa kuandika ninachotaka mimi

Linalonichukua muda mrefu zaidi katika kutanguliza mapenzi ya Mungu ni kuyajua kwanza mapenzi yangu mwenyewe. Tangu shule ya Jumapili tunasali "mapenzi yako yatimizwe", na tunasali kwa moyo kabisa, lakini mtu asiyejua nafsi yake inataka nini atamkabidhi Mungu kitu gani? Anasimama kutoka magotini na matakwa yake yote yakiwa bado mfukoni, na atakachoamua jioni atakiita mapenzi ya Mungu.

Kiswahili chenyewe kinatutatiza hapa. Mtaani "mapenzi" ni mambo ya wapendanao. Katika Biblia neno hilo limebeba maana ile iliyomo tunaposema "fanya upendavyo": jambo ambalo mtu anataka litendeke. Kwa hiyo "si mapenzi yangu, bali yako" inazungumzia mataka mawili yanayokutana ndani ya mtu mmoja, na yote mawili lazima yatajwe.

Bwana Yesu aliyataja. Usiku ule alipovuka kijito cha Kedroni akaingia Gethsemane, alisema wazi anachotaka: "uniondolee kikombe hiki". Ndipo likafuata lile "walakini". Ukisoma Mathayo 26 polepole utaona kitu kingine. Mstari wa 39 anasema "ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke". Mstari wa 42 sala imesogea: "ikiwa haiwezekani kikombe hiki kiniepuke nisipokinywa, mapenzi yako yatimizwe". Kati ya sala hizo mbili kuna muda, maana aliwakuta wanafunzi wamelala akawauliza kama hawakuweza kukesha pamoja naye hata saa moja. Ikiwa Mwana wa Mungu alirudi kuomba mara tatu, mimi sina sababu ya kutegemea kwamba dakika mbili kabla ya kulala zitatosha.

Ninachotumia ni kaunta buku ya kawaida na kalamu. Muda ni alfajiri, kabla sijagusa simu, kwa sababu simu ikishafunguliwa mataka ya watu wengine ishirini yanaingia na sisikii tena langu. Kwa jambo dogo dakika 20 zinatosha. Jambo kubwa, kama kazi, ndoa, kuhama, kununua kiwanja au kukubali uongozi kanisani, nalipatia asubuhi tatu tofauti, na siandiki uamuzi wowote kabla ya asubuhi ya tatu.

Sentensi ya kwanza huanza na neno "Nataka". Iwe moja tu, na isiwe na neno lolote la dini ndani yake. Sharti hili la pili ndilo lenye nguvu. Mtu anayeandika "Nataka kumtumikia Bwana katika kwaya" hajasema kitu bado. Afute "kumtumikia Bwana" aone kinachobaki: "Nataka niwe mwalimu wa kwaya badala ya yule aliyepo." Au: "Nataka watu wanione Jumapili." Au pengine kweli: "Nataka kuimba, nimemiss kuimba." Zote tatu zinaweza kupelekwa kwa Mungu, lakini kila moja inajibiwa tofauti, na maneno ya kidini yakitangulia yanazifunika zote zifanane. Nikiona sentensi yangu inanipendeza sana, naiandika upya. Sentensi ya kweli huwa ina aibu kidogo ndani yake.

Upande wa pili wa ukurasa naandika kile ambacho Mungu amekwisha kukisema kuhusu jambo hilo. Hapa wengi huruka. Wanatafuta mapenzi ya Mungu yaliyofichika ilhali yaliyo wazi hayajatekelezwa. Yapo maandiko yanayosema moja kwa moja "haya ndiyo mapenzi ya Mungu": 1 Wathesalonike 4:3, kutakaswa na kuepukana na uasherati, 5:18 ya barua hiyohiyo, kushukuru kwa kila jambo, 1 Petro 2:15, kutenda mema ili kuzima maneno ya wasiojua. Ongeza Mika 6:8 na amri za wazi kuhusu ukweli, madeni, wazazi na ujira. Ukiziweka hizo mezani, sehemu kubwa ya maswali ya wiki inakwisha hapohapo bila kuhitaji ndoto wala sauti.

Nichukue mfano wa pesa, kwa kuwa pesa haijui kujificha. Tuseme mwisho wa mwezi mkononi kuna shilingi 600,000. Fungu la kumi 60,000. Kodi ya nyumba 120,000. Chakula na nauli 260,000. Dada wa kazi analipwa 80,000 kwa mwezi, na mwezi uliopita alipewa nusu, kwa hiyo anadai 120,000. Jumla ni 560,000, zinabaki 40,000. Na kuna ahadi ya mchango wa harusi, laki moja, na mwenyekiti wa kamati ameshaanza kuposti orodha ya waliokamilisha.

Sentensi ya kawaida ya mtu wa kanisani hapo ni "Nataka kuwa mwaminifu kwa ahadi yangu." Fungua sentensi hiyo ndani utakuta hivi: "Nataka jina langu liwe kwenye orodha, kwa hiyo nataka dada asubiri tena." Ikishaandikwa hivyo, upande wa pili unajijaza wenyewe. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka mtu wa kibarua apewe ujira wake siku yake, kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeuelekea. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Pesa ya dada, basi, haimo kwenye mjadala. Si yangu. Nimeishika tu.

Kuna anayeuliza: na fungu la kumi likigongana na ujira? Marko 7:9-13 inatoa mwanga. Bwana aliwakemea watu waliotangaza "Korbani", yaani sadaka kwa Mungu, juu ya mali iliyopaswa kuwasaidia baba na mama zao. Sadaka inatoka katika kilicho changu, na ninachodaiwa na mtu hakijawa changu. Nikiona mwezi umebana hadi vitu hivyo viwili vinagombana, naenda kuchunguza matumizi ya nyuma, maana tatizo halikuanza siku ile.

Ahadi nayo haitupwi. Zaburi 15 inamsifu mtu asiyebadili maneno yake hata kama ni kwa hasara yake. Kwa hiyo ujumbe unaandikwa, mfupi, bila kuongeza hadithi ya ugonjwa wala safari: "Shikamoo mzee. Ahadi yangu ni laki moja. Leo natuma elfu arobaini. Sitini iliyobaki nitaleta tarehe 28 mwezi ujao, Mungu akinijalia, hata kama harusi itakuwa imepita. Naomba uniandikie hivyo." Kujikana nafsi katika mfano huu kuna uzito wa ujumbe mmoja wa simu, na kidole kinaweza kuganda juu ya kitufe cha kutuma kwa dakika kumi. Hapo ndipo msalaba wa siku hiyo ulipo. Luka 9:23 inasema "kila siku", na kila siku huja kwa saizi hii.

Mambo yote mawili yakiwa halali, kazi inabadilika. Kuhamia Dodoma kwenye mshahara mzuri zaidi, au kubaki Moshi karibu na mama anayeugua: hakuna aya inayosema Dodoma ni dhambi. Hapo naandika swali moja chini ya ukurasa: nani atalipa gharama ya "nataka" yangu? Naandika watu mmoja mmoja. Mke. Mama. Mtoto aliye darasa la sita. Kisha naenda kuwauliza kabla ya kuwatangazia. Mtu asiyeweza kunikatalia, kama mtoto, mfanyakazi au mdogo wangu ninayemlipia ada, neno lake nalipatia uzito mara mbili, kwa sababu akisema "sawa tu" huenda hakuwa na lingine la kusema. Wafilipi 2:4 inaagiza kila mtu aangalie na mambo ya wengine, na mimi sijui njia ya kuyaangalia bila kuyauliza.

Baada ya hao naongea na washauri wawili. Mmoja awe mtu ambaye hatapata faida wala hasara yoyote. Mwingine awe mtu aliyewahi kuniambia "hapana" usoni. Rafiki anayenikubalia kila kitu simtumii kwa kazi hii, hata akiwa mwombaji hodari. Hata nabii wa kweli aliwahi kujibu haraka mno: katika 2 Samweli 7, Daudi alimweleza Nathani wazo la kumjengea Mungu nyumba, Nathani akamwambia afanye yote yaliyomo moyoni mwake, na usiku uleule neno la Bwana likamrudisha. Wazo lilikuwa zuri. Mwenye wazo alikuwa mcha Mungu. Jibu likawa hapana. Sura hii naisoma kila ninapokuwa na mpango mzuri wa kanisa, kwa sababu mpango mzuri ndio mgumu kuliko wote kuukabidhi. Na Daudi hakununa: 1 Mambo ya Nyakati 22 inamwonyesha akikusanya mierezi, chuma, shaba, dhahabu na fedha kwa ajili ya nyumba ambayo mwanawe ndiye angeijenga. Nikikubali hapana ya Mungu kwa mdomo tu, huwa inaonekana kwa namna ninavyomsaidia, au nisivyomsaidia, yule aliyepewa nilichokitaka.

Ishara siombi. Watu hupenda ngozi ya Gideoni, ile aliyoiweka nje usiku ili umande umpe ishara, lakini katika Waamuzi 6 Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya kwenye mstari wa 14. Ngozi inakuja mstari wa 36, na yeye mwenyewe anaomba asikasirikiwe. Kufungua Biblia popote na kuweka kidole nako kuna kasoro ya wazi: nikiipata aya nisiyoitaka, nitafungua tena. Na "nimeonyeshwa" naiogopa hasa pale ambapo kilichoonyeshwa kinampa mwonaji mke, kiti au kiwanja. Paulo katika Matendo 16 alizuiwa Asia, akazuiwa Bithinia, ndipo akaona maono ya mtu wa Makedonia akiwa Troa. Njia ilifunguka akiwa tayari anatembea katika kazi aliyokwisha kupewa.

Kufunga nafunga, lakini kwa kusudi la kusikia. Kukitumika kama mgomo wa kumlazimisha Mungu akubali, njaa inakuwa yangu na mapenzi yanabaki yangu. Isaya 58 ni kali hapa: watu wanafunga, na siku hiyohiyo ya kufunga wanatafuta anasa zao na kuwalemea wafanyakazi wao. Kabla ya kufunga naangalia kama dada ameshalipwa.

Jambo moja linanichoma nisilipite haraka. Mafundisho haya ya kujikana yamegeuzwa fimbo. Mke anapigwa, anaambiwa abebe msalaba wake. Binti anatumiwa na mkubwa wa huduma, anaambiwa asiweke nafsi mbele. Hapana. Luka 9:23 inasema mtu "ajitwike msalaba wake", yaani auchukue mwenyewe kwa hiari akimfuata Kristo. Wanaowafungia wengine mizigo mizito na kuwawekea mabegani, Bwana amewataja katika Mathayo 23:4, na hakuwasifu. Anayeumizwa aondoke mahali pa hatari, aende kwenye dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, na mchungaji mwema atamsindikiza. Mapenzi ya mpigaji si mapenzi ya Mungu, hata akiyasema kwa sauti ya madhabahuni.

Asubuhi ya tatu naandika uamuzi kwa mstari mmoja, na hatua ya kwanza yenye tarehe: nani nitampigia, lini, nitasema nini. Chini yake naandika "Bwana akipenda", kwa maana ya Yakobo 4:15. Pale Yakobo anazungumza na wafanyabiashara waliopanga mji, mwaka na faida, na hakuwakataza kupanga. Kwangu maneno hayo yana kazi maalumu: naandika pia kitu gani kikitokea nitajua mlango umefungwa. Mkataba usiposainiwa hadi tarehe fulani, au mama akizidiwa, narudi kwenye ukurasa bila kumlaumu mtu.

Kisha "nataka" inarudi. Inarudi siku ya nne, wakati wa kufua nguo au ndani ya daladala, na mtu anadhani hakujitoa kweli. Katika maandiko jambo hili limeshaandikwa: mara ya tatu, Mathayo 26:44, Yesu aliomba "akisema maneno yale yale". Sitafuti sala mpya iliyo bora. Nafungua ukurasa uleule, nasoma "Nataka" yangu kwa sauti, nasema "walakini" palepale nilipoisemea jana, kisha naenda kupiga ile simu niliyoiwekea tarehe.