Ahadi kwa bluu, ombi kwa nyekundu: ninavyongoja mtoto mwaka wa 7

Mwaka wa 7 huu mimi na mume wangu tunangoja mtoto. Kilichonishikilia ni kaunta buku la kwaya 2, rula na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

Kila ukurasa naupiga mistari nipate safu 4. Ya kwanza ni andiko lenyewe. Ya pili, liliambiwa nani. Ya tatu, lina sharti gani: Zaburi 37:4, kwa mfano, kabla ya kufika kwenye "haja za moyo wako" inaanza na kujifurahisha kwa Bwana. Ya nne naiandika kwa nyekundu: ninachokitaka mimi.

Safu ya pili ndiyo yenye kazi, na ndiko wengi tunakoteleza. Chukua Kutoka 23:26. Sidhani kama kuna mwanamke anayetafuta mtoto ambaye hajaombewa kwa andiko hilo: hapatakuwa na mwenye kuharibu mimba wala aliye tasa. Anza kusoma mstari wa 20 utakuta ni Waisraeli wanaandaliwa kuingia Kanaani, na sentensi inaendelea "katika nchi yako". Mwanzo 18:14 nayo ina muda kabisa, "wakati huu huu mwakani", ila muda huo alipewa Sara. Maandiko hayo yananionyesha Mungu anaweza nini. Mwezi wala mwaka wangu hayautaji. Basi "Bwana, nipe mtoto" linakwenda kwenye nyekundu. Ni ombi, naliomba kila siku bila aibu, ila siliiti ahadi.

Waebrania 13:5 naiandika kwa bluu, kwa sababu waamini wote wameandikiwa: sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa. Hedhi ikija, najua ombi langu bado halijajibiwa nilivyotaka, na neno la bluu liko palepale. Ukichanganya rangi hizo mbili, kila mwezi unamwona Mungu mwongo.

Usijaze daftari. Maandiko 5 yananitosha mwaka mzima, nayajua kwa kichwa. Ukiwa nayo 40 utaishia kuyasoma kama orodha ya michango ya harusi.

Ukurasa wa mwisho nimeandika umri wa Ibrahimu: 75 anatoka Harani, 86 Ishmaeli anazaliwa, 99 Mungu anamtokea tena, 100 Isaka. Tazama hapo kati ya 86 na 99. Mwanzo 16 inaisha, 17 inaanza, na miaka 13 imepita bila neno moja kuandikwa. Mimi nikikaa miezi 3 kimya naanza kutafuta dhambi iliyofichika. Ishmaeli naye ni onyo: miaka 10 Kanaani, Sara akaona Mungu asaidiwe, akampa mumewe mjakazi wake azae naye.

Kwenda hospitali si kumsaidia Mungu kwa namna ile. Warumi 4:19 inasema Ibrahimu alifikiri hali ya mwili wake, na imani haikudhoofika. Kwa hiyo pimeni, na pimeni wote wawili. Madaktari huanza uchunguzi baada ya miezi 12 ya kujaribu bila kinga, au miezi 6 kama mwanamke ana miaka 35 na zaidi. Kipimo cha mbegu za mwanaume ni chepesi kuliko vya mwanamke. Kinataka awe amejizuia kutoa mbegu siku 2 hadi 7. Lakini utakuta mke ameshapigwa picha ya mirija ya uzazi, amefunga na kukesha, na mume hajapima hata mara moja. Ukiwa kwenye dawa, muulize daktari kabla ya kufunga, maana nyingine hunywewa pamoja na chakula.

Nabii akikutajia mwezi, andika tarehe na maneno yake kwa penseli, ufunge daftari. Akiongeza kwamba lazima upande mbegu, yaani utoe pesa, ya kiasi fulani ndipo tumbo lifunguke, usitoe. Sadaka naitoa kama kawaida yangu, tumbo silinunui.

Tunapenda sana Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani", tunaruka mstari wa 10 unaotaja miaka 70 na wa 5 unaowaambia watu wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko Babeli. Nimeutii kwa vitu vidogo. Chumba cha tatu hakikai tupu kikingoja kitanda cha mtoto, kina cherehani. Mama mkwe akiuliza, mume ndiye anayejibu, tulikubaliana hivyo: "Mama, tunaendelea kuomba na kutibiwa." Sentensi hiyo moja, basi.

Siku ngumu kuliko zote ni ya kwanza ya hedhi, na kwa sababu inajulikana itakuja, inaandaliwa mapema. Nasoma Zaburi 13 kwa sauti. Ina mistari 6, na "hata lini" inarudi mara 4 kwenye miwili ya kwanza. Sihitaji kujifanya shujaa kuliko Daudi. Siku 3 siweki nadhiri, sianzi mfungo, siamui chochote kikubwa. Kisha nala. Hana, aliyelia hekaluni akiomba mtoto, katika 1 Samweli 1:18 alikula na uso wake ukakunjuka kabla hajapata hiyo mimba. Mimi napika ndizi na nyama, naiweka simu chumbani mpaka kesho yake.