Mchango wa mwenzetu aliyeanguka mlimani bila bima: tulichangia kupona, si hospitali tu

Ushauri niliousikia mara nyingi, na unaonikera hadi leo, ni huu: taja kiasi kikubwa mara moja, weka picha ya majeruhi kitandani, watu watoe wangali na uchungu. Ukifanya hivyo pesa huingia wiki ya kwanza, zote zinamezwa na hospitali, na siku majeruhi anaporudi nyumbani mfuko ni mtupu. Huko nyumbani ndiko gharama ndefu zinakoanzia.

Mfupa wa muundi uliovunjika vibaya huchukua miezi minne hadi sita kuunga, pengine zaidi. Fiziotherapia mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 ni vipindi 36, na kila kipindi kina nauli ya kwenda na kurudi, mara nyingi ya gari la kukodi kwa sababu mtu wa magongo hawezi kubanana kwenye basi. Aliyeumia uti wa mgongo na kibofu kikagoma anaweza kutumia mipira ya mkojo minne hadi sita kila siku. Kiti cha magurudumu watu hukikumbuka, lakini mto maalumu wa kukalia huwatoka akilini, na bila mto huo kidonda cha mgandamizo, kile cha kukalia sehemu moja muda mrefu, kinaweza kumrudisha wodini kwa miezi. Halafu kuna mlango wa nyumba, ambao kiti hicho lazima kiufikie hata kama una ngazi. Kipimo cha kawaida cha njia ya mteremko ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, kwa hiyo vidato vitatu vya sentimita 15 vinadai njia ya mita 5.4. Seremala anahitaji kuwekwa kwenye bajeti sawa na daktari.

Ndiyo maana nilifungua hesabu tatu kwenye daftari: hospitali, miezi mitatu ya kwanza nyumbani, na kuanzia hapo hadi mwaka. Kodi ya nyumba na kipato cha ndugu aliyeacha kazi ili amuuguze viliingia pia. Wapo waliosema hayo si matibabu. Ni matibabu, kwa sababu mgonjwa aliyefukuzwa kwenye nyumba hafanyi mazoezi.

Kabla ya kuomba senti, tafuta bima iliyojificha. Uanachama wa baadhi ya vilabu vya wapanda milima, kama kile cha Austria, Alpenverein, una fidia ya gharama za uokoaji. Kadi ya benki iliyolipia tiketi nayo huenda ina bima ya safari, na kampuni iliyoongoza msafara inaweza kuwa na yake. Toeni taarifa mapema, mkiambatanisha ripoti ya waokoaji, maana madai mengi hufa kwa kuchelewa. Na ili madai yasiharibike, msiandike hadharani nani alikosea. Elezeni mahali, tarehe na majeraha, basi. Anayeuliza kwa nini alipanda bila bima ajibiwe kwa sentensi moja ya heshima, mjadala uishie hapo.

Bili ombeni iliyochanganuliwa kipengele kwa kipengele. Angalieni siku za kitanda zilizohesabiwa mara mbili na vifaa ambavyo havikutumika. Punguzo liombwe kabla ya kulipa, kupitia afisa ustawi wa jamii wa hospitali kama yupo. Ukishalipa huna tena nguvu ya kujadili.

Sasa njia iliyotufaa kuliko zote. Badala ya kuomba “chochote ulicho nacho”, niliikata bajeti vipande vyenye majina: kipindi kimoja cha fiziotherapia, nauli ya wiki, mipira ya mkojo ya siku kumi. Mtu huchagua kipande, na kikishatumika anatumiwa risiti yake, namba za mgonjwa zikiwa zimefunikwa. Aliyelipia kipindi cha fiziotherapia huuliza goti limekunja kiasi gani, na akisikia limeongeza nyuzi kumi, analipia kingine bila kuombwa. Kutoka humo nikawapata washika mwezi, watu wa kutoa kiasi kidogo kila mwezi kwa mwaka mzima. Ukihitaji 20, tafuta 26, kwa sababu wengine watakatika njiani. Wakumbushe mara mshahara unapoingia, si siku ya ishirini na kitu.

Angalia pia makato ya mtandao unaopokelea michango. Mtandao ukikata asilimia 3 na senti 30 kwa kila mchango, dola 5 zinapoteza senti 45, yaani asilimia 9, wakati dola 50 zinapoteza asilimia 3.6 tu. Watoaji wadogo wakusanye pamoja, mmoja wao atume.

Akaunti iwe na watia saini wawili, na hospitali ilipwe moja kwa moja. Picha na habari za ugonjwa zitoke kwa idhini ya majeruhi mwenyewe. Akiwa hajitambui, subirini. Semeni tangu mwanzo masalio yataenda wapi. Na kama ana vyuma mwilini, muulizeni daktari wa mifupa mapema kama vitatolewa: upasuaji huo mara nyingi huja baada ya mwaka au zaidi, wakati washika mwezi wameshamaliza zamu yao, kwa hiyo fungu lake litengwe kabla vipande vingine havijaanza kuuzwa.